Mikono Miwili ya Kushoto

Huyu binti waliyembandika jina la Kimya pale kwenye karakana ya ushonaji alikuwa amekata koti la mteja, na mikono yote miwili ikatoka ya kushoto. Hilo ni kosa la washonaji tu: unasahau kugeuza karatasi ya kipimo, mkasi unapita, basi, maji yameshamwagika. Kitambaa ni cha mteja mwenyewe, na jioni ile ile angekuja kulijaribu koti lake.

Kimya akafanya alichokuwa akikifanya tangu utotoni. Alivikunja vile vipande, akavisukuma chini ya majora ya vitambaa, akautia mkoba wake begani.

Msimcheke. Kwao sahani ikivunjika, baba hakuuliza imevunjikaje. Aliuliza nani, mkanda uko mkononi, na mama anageukia ukutani. Mtoto akajifunza kufukia vigae nyuma ya choo. Ukubwani alipata kazi hotelini, akaunguza shuka kwa pasi, akatoweka. Dukani akavunja chupa ya manukato, akatoweka. Ofisini akapoteza funguo, hakurudi hata kudai mshahara wake. Watu wakasema mvivu. Mvivu, mtu aliyekuwa akifika kazini kabla ya mfagiaji! Shangazi yake, aliyemtafutia nafasi hii, alimwambia wazi: "Mwanangu, nimekuombea watu mpaka naona haya. Ukikimbia na hapa, sina pengine pa kukupeleka."

Kabla hajapiga hatua, Fundi mkuu akasimama mbele ya meza yake.

"Mikono ya koti iko wapi?"

Mzee yule hana sauti ya chini. Akikusalimia unadhani anakufukuza. Kimya aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, barabara ile pale.

"Binti, nakuuliza wewe."

Angeweza kusema hajui, ndivyo alivyozoea. Lakini maneno ya shangazi yalimrudia. Akainama, akavichomoa vile vipande, akaviweka mezani.

"Nimeharibu mimi," akasema. "Yote ya kushoto. Nikaificha."

Fundi akanyanyua mkono kuwasha taa aone vizuri. Kimya akajikunyata, viwiko juu ya kichwa. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Fundi aliushusha mkono taratibu. Hasira alikuwa nayo, na hakuificha.

"Umenipotezea mchana mzima," alisema. "Na ungenificha mpaka mteja afike, ningekuwa mgeni wa nani?" Akavuta mabaki ya kitambaa, akayapima kwa futi. "Yanatosha. Tutaunga kwapani, hapaonekani. Kila fundi humu amekata mikono ya upande mmoja, mimi nilikata ya bwana harusi. Tua huo mkoba, ukate."

"Basi?" Kimya akauliza.

"Ulitaka nini tena?"

Akakata, machozi yakimdondoka juu ya chaki. Hayakuwa ya aibu, wala ya shukrani. Alikuwa na hasira na baba yake, hasira ambayo hajawahi kuisikia. Kazi tatu amezikimbia, na hata moja hakuwahi kubaki asikie wangemwambia nini.