Springi Mbili na Zamu ya Idi

Mzee Lazim wa Raub alikuwa mtu mwema kwa kila jambo, ila alikuwa na wivu. Si wivu wa mke, maana mkewe Rokiah alikuwa na ulimi ambao mwanamume mwingine asingeuhimili wiki nzima. Si wivu wa mali pia. Majirani zake wenye mashamba ya duriani walipojenga nyumba za ghorofa, aliwapongeza na akala biriani yao. Wivu wake ulikuwa wa binti. Alijaliwa mmoja tu, Mazni, na tangu Mazni aolewe na Hazwan, kijana wa Machang kule Kelantan, Mzee Lazim alimwona baba yake Hazwan, Haji Sabri, kuwa mwizi aliyeingia nyumbani mchana kweupe, akanyweshwa chai, kisha akasindikizwa hadi barabarani na alichoiba.

Na zamu ya Idi aliitaka mwenyewe. Siku ya uchumba wazee walikaa wakapanga: Idi mwaka mmoja Raub, mwaka wa pili Machang, asipunjwe mtu. Lazim ndiye aliyetoa wazo hilo, na kila mtu akamsifu kwa busara. Ulipofika mwaka wa kwanza wa Machang ndipo alipojua amejichimbia kaburi. Asubuhi ya Idi picha iliingia kwenye simu: watu ishirini na wawili wa ukoo wa Haji Sabri, wote wameshonewa nguo za rangi moja, zambarau, na Mazni katikati yao, amekaa bega kwa bega na mzee, anacheka. Lazim aliikuza ile picha kwa vidole hadi yakabaki meno ya binti yake tu.

"Anacheka sana," alisema.

"Ulitaka alie?" Rokiah akamjibu kutoka jikoni.

Mwaka huu zamu ilirudi Machang. Mazni na mumewe waliondoka kwao Kajang Alhamisi, walale Raub siku mbili, Jumamosi asubuhi waendelee na safari. Idi ilikuwa Jumapili. Gari lao lilikuwa kuukuu, la miaka ishirini na minane, Lazim ndiye aliyempa Mazni, na hakuna gereji iliyowahi kuligusa. Lazim alikuwa fundi wa mabasi kwa miaka thelathini na mmoja; gari la binti yake lilitengenezwa uani kwake, basi. Kwa hiyo walipokata kona kuingia uani na gurudumu la mbele kushoto likagonga "ko!", moyo wake ulifurahi kabla akili haijauliza ni nini.

Akainama akamulika tochi. Springi ilikuwa imekatika mzingo wa chini kabisa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu mwezi wa Shaabani, Baba," alisema Mazni. "Hazwan alitaka kulipeleka kwa fundi wa kule kwetu. Nikamwambia hili lina mwenyewe."

Maneno hayo Lazim aliyala kama futari.

Springi mbili mpya Hazwan alikuwa amezinunua huko huko Kajang, maana za mbele hubadilishwa jozi, hata ikivunjika moja. Ijumaa, baada ya sala, wakaanza kazi. Jua lilikuwa kali na koo zao kavu kwa saumu. Hazwan alitokea amevaa glavu nyeupe.

"Umekuja kufunga springi au kupasua mtu?" Lazim akamuuliza.

Hazwan akacheka, hakuzivua. Alikuwa kijana mpole, jambo lililomkera Lazim zaidi, maana mkwe mpole hakupi hata sababu ya kumchukia.

Wakapiga jeki, wakaweka vigogo vya chuma chini ya gari, wakatoa magurudumu. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Mazni alipiga magoti pembeni ya baba yake kama alivyozoea tangu akiwa wa darasa la pili, akimpa spana kabla hajaiomba. Guu la shokapu, lile linalobeba springi, likatoka lote, springi ikabanwa, nati ya juu ikafunguliwa, ya zamani ikatoka, mpya ikaingia. Walikuwa hawasemi sana. Lazim alitamani gari lingekuwa na magurudumu kumi na mawili.

Walipoanza kuibana springi ya kushoto, simu ya Hazwan ikaita. Ilikuwa Machang, na Hazwan akaifungulia sauti.

"Mkwe!" Haji Sabri alinguruma. "Saumu inasemaje huko?"

"Alhamdulillahi, inakwenda," Lazim akajibu.

"Nasikia mko kwenye springi. Angalieni vibanio, mkwe. Zungusha huku mara mbili na huku mara mbili, upande mmoja usizidi mwenzake. Springi ikifyatuka haina udugu."

Miaka thelathini na mmoja ya mabasi, na leo mkulima wa miti ya mpira anamfundisha vibanio uani kwake! Lazim alishika spana hadi vidole vikawa vyeupe.

"Ahsante, mkwe," alisema.

"Na binti yangu yupo? Mazni! Chumba chako nimekipaka rangi mpya, mwanangu. Kuku wa kuchoma na nazi nimeshawatenga, usile sana huko ukaja umeshiba!"

"Sawa, Baba," Mazni akajibu, akicheka kicheko kile kile cha kwenye picha.

Binti yangu. Chumba chako. Chumba cha Mazni hapa Raub siku hizi kilikaliwa na cherehani ya mama yake na magunia mawili ya mchele. Na hilo neno "Baba" alivyolitamka! Lilimtoka laini, bila kujikaza, kama aliyezaliwa kule.

Hazwan akaenda kibarazani kumalizia mazungumzo, Mazni akaingia ndani kuitikia wito wa mama yake. Lazim alibaki peke yake na guu la shokapu mapajani. Akafungua nati ya juu, akainua kikombe cha chuma kinachofunika guu, na pale chini yake ikatokea beringi, duara dogo lenye ukubwa wa kitumbua. Aliizungusha kwa kidole. Ilikuwa nzima, haina hata chembe ya kutu. Hii ndiyo inayoliwezesha guu kugeuka na usukani. Bila hiyo gari halipandi milima ya Gua Musang, njia ya Machang, wala haliendi kokote.

Akaitia mfukoni.

Walipomrudia alikuwa anatikisa kichwa. "Beringi imekufa. Nimeifungua tu ikasambaratika, gololi zote zimeingia mtaroni."

"Tuone vipande vyake," Mazni alisema.

"Vipande gani? Nimeshatupa."

Mazni alimwangalia kwa muda, kisha akaokota kitambaa akafuta mikono. Hazwan aliazima pikipiki ya jirani akazunguka mji mzima. Maduka ya spea yalikuwa yamefungwa, wenyewe wamekwenda makwao kwa Idi, na tiketi za basi za Kelantan zilikwisha tangu wiki mbili nyuma. Alirudi amelowa jasho, akapiga simu Machang. Lazim alijifanya anakusanya spana ili asikie. Sauti ya Haji Sabri upande wa pili ikasema polepole, "Basi. Kesho Mungu akipenda," na simu ikakatwa.

Jioni ile Lazim alifuturu kama mshindi. Alimwongezea Hazwan wali, akamtania, akasimulia habari za mabasi zilizokwisha kusimuliwa. Hazwan alikula tende tatu akanawa. Mazni hakucheka hata mara moja, na beringi ilimchoma babake pajani kila alipojigeuza mkekani. Kikulacho ki nguoni mwako, na Lazim alikitia mwenyewe.

Jumamosi, saa tano hivi za asubuhi, gari jeupe liliingia uani. Aliyeshuka alikuwa Haji Sabri. Mzee wa miaka sabini na mmoja, kofia imepinda, jicho moja jekundu, ameshikilia kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Mkwe!" alisema, akimshika Lazim mikono yote miwili. "Gari kama hili nilikuwa nalo zamani. Nikakumbuka nina guu lake bovu nyuma ya banda la kuku. Nimeng'oa beringi, nimeiosha kwa mafuta ya taa. Nimetoka mara baada ya alfajiri."

"Peke yako, Baba?" Hazwan alishtuka. "Na hilo jicho?"

"Jicho lilipasuliwa, halikutolewa. Kaka yako alinikataza, nikamtoroka."

"Na saumu?"

"Nimefunga. Leteni kazi."

Lazim alipokea lile gazeti. Alikaa chini, Mazni akakaa mkabala naye, wakaanza kufunga springi ya kushoto. Mwisho wa mzingo ukaketi kwenye nafasi yake. Mazni akanyoosha mkono apewe beringi, na akasema kwa sauti ndogo, ya kusikiwa na mtu mmoja tu:

"Nilijua tangu jana, Baba. Beringi mbovu hulia, na hili gari lilikuwa linagonga tu, halilii."

"Mbona hukusema?"

"Nami nilitaka kubaki. Nikanyamaza. Sasa mzee wa watu amekuja na jicho lake bovu na saumu yake. Ukinyamaza leo, tumekuwa waongo wawili."

Lazim aliangalia mikono ya binti yake, grisi imeingia kwenye kucha zilizopakwa hina ya Idi. Yeye angeweza kubeba uongo wake hadi kaburini, alikuwa na kifua cha kutosha. Lakini wa Mazni hakuuweza. Akanyanyuka, akaenda hadi ngazini alipokaa Haji Sabri, akatia mkono mfukoni.

"Mkwe," alisema, "beringi yao hii hapa. Haikufa. Niliificha mimi, peke yangu, ili wasiondoke. Wivu tu. Nisamehe."

Hazwan aligeuka akatazama ukuta. Haji Sabri aliichukua ile beringi, akaizungusha kwa kidole.

"Nzima," alisema.

"Nzima."

"Saa tano nzima nimekaa barabarani, Lazim."

"Najua."

Haji Sabri aliitua beringi ngazini. Alipoongea hakuwa akinguruma tena. "Nina watoto wa kiume watano. Wakinipigia simu wananiuliza pampu ya maji iko wapi. Huyu wako ananiuliza nimekula nini, kila Ijumaa, bila kukosa. Jana niliposikia hatakuja, sikupata usingizi. Nikasema nakuja kusaidia gari. Uongo, mkwe. Nimekuja kumchukua."

Kila Ijumaa! Lazim naye alipigiwa kila Ijumaa, na siku zote alidhani simu ile ni yake peke yake duniani. Wivu ukamshika upya, mkali kuliko wa jana, mpaka akaona aibu kuusikia ukimshika mbele ya mtu aliyemkosea. Alitaka kuondoka, na hakuwa na pa kwendea, maana nyumba ilikuwa yake.

"Sasa sikiliza," Haji Sabri akaendelea. "Kurudi kutakuwa na foleni, na hili jicho jioni halinifai. Gari langu lina viti vitupu. Niendeshee wewe. Twende, wewe na mama yake Mazni. Idi tule pamoja kwangu."

Kula Idi kwa Haji Sabri! Asubuhi ya Idi kwenye baraza ya mtu mwingine, akiwa mgeni, akikaribishwa kwenye chumba kilichopakwa rangi kwa ajili ya binti yake, huku watu ishirini na wawili wa zambarau wakimwuliza alivyosafiri. Angalau hapa angekuwa na hasira yake na nyumba yake.

Chini ya gari Mazni alikuwa anakaza bolti mbili za guu la shokapu. Spana ikasimama. Hakumtazama baba yake. Alingoja tu, mkono umetulia kwenye chuma. Rokiah alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, naye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, alikuwa kimya.

Lazim alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Kiah," alisema, "kafunge mlango wa nyuma."