Epizodi Niliyoitafsiri kwa Huruma

Ukitaka usiniamini, ni haki yako. Hata mke wangu alichukua muda. Lakini nakueleza jambo lililotokea mchana, jua kali, nami sijaonja hata tone la pombe. Kwa hiyo usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Wote huuliza hivyo.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu katika chumba cha video hapa Uvira, mtaa wa Songo. Sisi tunakiita sine. Ni kibanda cha mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi, ndani mna mabenchi, televisheni kubwa na spika. Nakaa pembeni na mikrofoni, nasoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, nasema kwa Kiswahili. Majina ya kigeni hayaingii masikioni mwa watu wa Songo, kwa hiyo mtafsiri huwapa watu wa filamu majina ya kwetu. Mwizi atakuwa wa Kamanyola, mlafi atakuwa jirani yako. Watu wanacheka, kesho wanarudi.

Wakati ule tulikuwa na mfululizo mmoja wa kutisha, wa huko Asia. Hauna damu, hauna zimwi. Unakuchezea akili tu, na ukitoka nje unaanza kumshuku shemeji yako. Epizodi ya siku hiyo nilikuwa nimeitazama asubuhi peke yangu, kama kawaida, nisije nikaaibika mbele za watu. Mwanamke anarudi kutoka sokoni. Anasalimia, mumewe hamjibu. Anapika, hawali. Anamwita binti yake mdogo, binti anaendelea kuchora. Mwishoni anaona picha yake ukutani, na maua chini yake, ndipo anaelewa kwamba alishakufa.

Mchana, mbele ya watazamaji, nikampa jina: Mama Riziki wa Lubarika. Kwa nini? Sijui. Lubarika nilikuwa naisikia tu, sina ndugu kule. Jina lilikuja mdomoni lenyewe.

Filamu ikiwa katikati, mwanamke akasimama benchi la mbele. Kitenge cha kijani, beseni la bati mikononi. Sasa sikia: katika sine yetu, ukisimama mbele ya televisheni unarushiwa viatu. Hakuna msamaha, hata mchungaji mmoja alishapigwa kandambili. Siku hiyo hakuna aliyerusha hata ganda la karanga. Watu waliendelea kutazama filamu kana kwamba mbele yao hakuna kitu.

Akanigeukia. "Minye njo Mama Riziki wa Lubarika," akasema, bila kupaza sauti. "Nani alikuambia mambo yangu?"

Nilizima mikrofoni. 

"Nafikaka ku nyumba, nasalimia, hakuna mwenye ananijibu. Hata mutoto. Lakini weye, papa, kila kitu unasema, bale bantu ba mu filamu banasema vilevile. Basi ambia mutoto anijibu. Naomba paka ile, ile tu."

Je, ungekuwa wewe, ungefanya nini? Niliogopa, ndiyo. Lakini zaidi ya hofu, nilimhurumia. Nilijua ile picha na yale maua vinakuja. Kwenye televisheni yule binti akainua macho kutazama mlangoni. Nikawasha mikrofoni nikasema: "Mama, karibu. Tunakuona. Ingia tule."

Maandishi hayakusema hivyo.

Yule mwanamke aliziba mdomo kwa mkono. Kisha akajitwika beseni lake, akatoka. Bahati, mwenye sine, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliniapia baadaye kwamba hakuna mtu aliyepita. Na watazamaji? Walipoona picha ukutani wakanipigia kelele: ya nani hiyo? Nikasema ni ya dada yake, pacha. Walinizomea mpaka jioni.

Nilidhani yameisha. Majuma kadhaa baadaye akaja mwanamume mmoja, amejaa vumbi la barabara, akauliza yuko wapi mtu anayesema ndani ya filamu. Alikuwa Baba Riziki, mkulima wa Lubarika. Mkewe alichukuliwa na maji ya mto akitoka sokoni. Walimpata, wakamzika, na nyumba ilikuwa imeanza kuzoea.

"Sasa mutoto anakataa kula na siye," alisema. "Mangaribi anakaa inje, anasema anakula na mama yake. Mu sahani hamuna kitu. Anaisha, papa. Anabakia mifupa. Anasema siku ya soko mama yake atamupeleka kule anakaa."

Nikamwuliza ni nani aliyemwingizia mtoto mambo hayo.

"Nilimuuliza. Akasema mama alikuwa anaogopa kuingia, lakini mutu wa sine ya Songo njo alimuambia kama tunamuonaka."

Riziki alikuwa mtoto wa miaka sita hivi. Hakuwa amewahi kufika Uvira. Niamini, niliketi chini pale pale kwenye kizingiti, na Bahati akaniletea maji.

Wachungaji walishaomba, padri alishanyunyiza maji. Baba Riziki hakuja kutafuta maombi mengine. Alitaka niende nikaseme lile neno jinsi lilivyo, kwa mdomo uleule ulioligeuza.

Jioni ya kuamkia soko tulifunga televisheni, spika na jenereta kwenye pikipiki mbili, tukaenda. Watoto wa Lubarika walifurahi, sinema ya bure. Riziki akaja akakaa mbele kwenye mkeka, shingo nyembamba kama ya kifaranga, na kando yake akaacha nafasi ya mtu mmoja. Mtoto mwingine alitaka kukaa pale, akamsukuma.

Nikaanza. Jina lilelile, sauti ileile. Binti wa filamu akatazama mlangoni. Safari hii nikasoma kama ilivyoandikwa: "Baba, ni upepo. Funga mlango." Kisha ikaja picha ukutani, na maua. Hapo hakukuwa na maandishi yoyote, lakini nilikuwa nimemwahidi baba mtu. Nikasema: "Huyu ni Mama Riziki wa Lubarika. Alikufa. Tulimzika sisi wenyewe, na tunamlilia."

Tulisikia beseni likianguka. Wote, si mimi peke yangu; nenda kamwulize mtu yeyote wa kule. Bati juu ya udongo mgumu, likazunguka, likazunguka, mpaka likatulia. Tulilitafuta kwa tochi uwanja mzima, hatukuliona.

Riziki akageukia ile nafasi. Akapapasa mkeka kwa kiganja. Kisha akalia, kilio ambacho sitaki kukieleza, na baba yake akambeba mpaka ndani. Usiku huo alikunywa uji.

Leo ni mzima, anasoma, amenenepa. Mimi siwapi tena watu wa filamu majina. Nasema yule mwanamume, yule mwanamke, basi, na nusu ya watazamaji wangu wamehamia sine nyingine kwa sababu nimekuwa mkavu. Nashukuru Mungu mtoto alipona. Juzi nilimkuta na baba yake hapa mjini wananunua ndagala, wale dagaa wetu. Nikamsalimia. Akanitazama vizuri usoni, akageuka. Nikarudia salamu. Hakunijibu.

Anajua ni mimi niliyemfukuza mama yake, na simlaumu. Iliniuma, lakini simlaumu. Ila nilipofika Songo nilimwuliza Bahati mara mbili kama ananiona. Alicheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwa ndani ya sine ukasikia mtafsiri anamtaja mtu wa filamu kwa jina lako na kijiji chako, usisimame. Kaa, maliza karanga zako. Na siku ukifika kwako, ukasalimia, wasikujibu, usikimbilie kukasirika. Tazama ukutani kwanza.