Siku Mama Alipokuwa Kunguru

Mwezi uliopita, katika duka moja la mtaa wa Al-Malqa hapa Riyadh ninapofanya kazi, mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alipasua pakiti ya mwani mkavu ili kumnyamazisha mtoto wake. Harufu ya chumvi na miamba ya maji kupwa ikanifikia, na papo hapo nikawa na miaka tisa, nimekaa juu ya zulia la Anti Doreen mtaani Ruwais, Jeddah.

Anti Doreen alikuwa muuguzi, akifanya kazi wodi moja na mama yangu, na mlango wake ulitazamana na wetu. Ikama yake, kile kitambulisho cha ukaazi, ilisema ni raia wa Kanada. Yeye mwenyewe akiulizwa alisema ni Mhaida, mtu wa visiwa vilivyo magharibi kabisa mwa nchi ile, kwenye mvua na miti mirefu kuliko minara. Mama ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Urafiki wao, nijuavyo mimi, ulianza kwa kuwasema vibaya samaki wa sokoni.

Bibi yake Anti Doreen alikuwa mmoja wa wazee wachache waliosalia ambao walikua wakizungumza Kihaida. Shuleni alipigwa kwa kukisema, kwa hiyo hakumfundisha binti yake. Mjukuu akawa anakiokota neno moja moja kwa simu. Mwaka ule bibi aliamua kumpa mjukuu jina la marehemu dada yake yeye bibi, mbele ya watu, kwenye karamu. Kibali cha kusafiri hakikutoka kwa wakati. Bibi alikuwa mgonjwa na hakutaka kungoja mwaka mwingine. Akaagiza kwamba jina litatolewa kwa simu, ila Doreen atafute mashahidi huko huko aliko, maana jina lisiloshuhudiwa halisimami.

Kulikuwa na shida moja. Wahaida wote ni wa upande wa Tai au wa upande wa Kunguru, kila mtu akifuata upande wa mama yake, na mashahidi hutoka upande wa pili. Anti Doreen alikuwa Tai. Bibi akaamua kwamba majirani zake wa Ruwais, kwa siku hiyo, wawe Kunguru.

"Kunguru?" Mama aliuliza. "Hawa wanaotuibia samaki kwenye kamba? Sista, hukuniona nikifaa ndege mwingine?"

Sherehe ilikuwa Ijumaa asubuhi, sebuleni kwa Anti Doreen. Kule visiwani bado ilikuwa jana usiku, jambo ambalo lilinishangaza kuliko sherehe yenyewe. Nilikuja na daftari, maana tangu wakati huo nilikuwa mtoto wa kuandika kila kitu: rangi ya gauni, idadi ya vikombe, kikohozi cha bibi kwenye simu. Kisha sauti ya bibi ikatulia, ikatamka jina polepole. Watu wa karamu, ukumbini kule visiwani, wakalirudia kwa pamoja, nasi tukaambiwa turudie. Anti Doreen alilia bila kujifuta. Baadaye alimkabidhi Mama bakuli lenye mfuniko, limejaa mwani mweusi uliotumwa kutoka kwao.

"Huu kwetu twaupanda tukauza," Mama aliniambia jikoni. "Kuliwa, sijaona." Lakini aliula, akasema si mbaya ukiuchanganya na wali.

Kosa lilitokea Jumapili. Mama alijaza lile bakuli katlesi, akanishika mkono, tukabisha hodi. Anti Doreen alifunua mfuniko, akabaki ameinamisha uso.

"Umenirudishia," alisema. "Kama hukutaka, ungeniambia tu."

Hapo ndipo alipotueleza kwamba mwani ule haukuwa shukrani. Ulikuwa malipo ya shahidi, na kumrudishia mtu kitu badala yake ni kujitoa kwenye ushahidi. Mama alishika kifua.

"Wallahi sikujua. Kwetu kurudisha chombo kitupu ni aibu, basi. Sista, nitazame. Mwani nimeshaula, hautoki tena. Hizi katlesi ni katlesi. Halas?"

Anti Doreen akacheka, akachukua moja akiwa bado amesimama mlangoni. Mimi niliandika: *Katlesi kumi na mbili.*

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Miaka mingi baadaye, mimi mtu mzima na Anti Doreen amesharudi kwao, alinipigia simu. Jamaa fulani walikuwa wakisema jina lake halikutolewa kihalali kwa kuwa hakuwa ukumbini. Wazee walitaka kuwasikia mashahidi. Nilifungua daftari langu la zamani kwa kujiamini. Gauni lilikuwemo, vikombe vilikuwemo, katlesi pia. Jina sikuliandika.

Nikamuunganisha Mama, naye amesharudi Wete, mimi nikitafsiri. Alieleza nani alikaa wapi, bibi alikohoa mara ngapi kabla ya kuanza, na walivyoitikia watu wa ukumbini. Kisha akalitamka jina, kwa ulimi wake wa Kipemba, bila kusita. Siliandiki hapa, si langu. Upande wa pili wa simu mzee mmoja akasema neno ambalo Anti Doreen, akivuta kamasi, alitueleza kuwa ni asante.

Utotoni niliamini kwamba siku ile tulipewa chakula tukala, yakaisha. Sikujua kwamba Mama alikuwa kazini miaka yote ile, kazi ya shahidi ya kulitunza jina, na kwamba hakuwahi kunitajia kazi hiyo kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

"Waambie bado nipo," alisema kabla hajakata. "Wakihitaji tena, wapige."