Ami Bakari Ashuka Ukunda

Asubuhi ile niliondoka nyumbani kwetu Likoni kwa sababu moja tu: kumpokea Ami Bakari, ndugu wa marehemu baba, aliyekuwa anatoka Nairobi kwa ndege kuja kumuoza mdogo wangu Saumu. Kaka hatuna. Shehe alisema ami anaweza kuweka wakili kwa simu, Saumu akakataa katakata. "Ami ndiye aliyetulea. Asipokuja, siolewi."

Kwenye uwanja wa ndege wa Mombasa, kule Changamwe, abiria walitoka wote, wahudumu wakaanza kunionea huruma. Ndipo simu ikalia.

"Shikamoo, ami. Uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeshashuka. Lakini huu uwanja wa Mombasa mbona wameupunguza?"

Nikamuomba anipe mtu yeyote aliye karibu. Akampa simu askari wa langoni, naye akaniambia kwa upole, "Mama, hapa ni Ukunda."

Kumbe mwanawe aliyemkatia tikiti alitazama ramani, akaona Ukunda na Likoni ziko upande mmoja wa maji. Wallahi hakukosea, ila hakumwambia mtu. Kwa ndege, viwanja hivi ni pua na mdomo. Kwa gari ni habari nyingine.

"Kaa hapo hapo, ami. Nakuja."

"Inshallah," akasema, nami nikaridhika upesi mno.

Barabara ya Dongo Kundu, ile inayokwepa feri, niliipita mbio, madaraja yake yote juu ya mikoko, kigari changu kikilia kama mbuzi. Nilikuwa namuwaza shehe, maana alikuwa na nikaha nyingine Mtongwe. Nikatokea Kibundani, nikakata kulia kuelekea kusini. Magari yaliyokuja mbele yangu sikuyatazama.

Ukunda, askari alinipokea kwa kujishika kichwa. "Mzee kaondoka kwa teksi! Kasema ni aibu mtoto wa kike kumfuata mbali hivi, afadhali akufuate yeye Mombasa."

Nikapiga simu mara tatu ndipo akashika. Nyuma yake ilinguruma injini.

"Niko kwenye feri ya Likoni, mwanangu. Usihangaike, nakuja hapo ulipo."

"Ami! Umeipita nyumba ya arusi!"

Akauliza, "Ile yenye turubai la kijani barabarani?"

"Naam!"

"Lo! Nami nimewaombea dua."

Nikamsihi asitoke kwenye feri, arudi nayo hiyo hiyo. Kisha nikageuza gari, nikakwama Waa nyuma ya lori la mawe lililokuwa halina haraka na mtu.

Likoni nilifika vigelegele vimekwisha. Saumu alinirukia shingoni, wanja umemtiririka mpaka kidevuni. "Ni ami mwenyewe aliyekuja kuniuliza kama naridhia, dada. Nililia mpaka akaniuliza mara ya pili."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kutoka uwanja wa Mombasa hadi wa Ukunda ni mwendo gani, namuuliza kwanza: unaenda kumchukua nani, na je, mtu huyo hutulia?

Ami nilimkuta kando ya shehe, mashavu yamejaa haluwa. Alinitazama jasho lile, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nduguyo anaolewa, wewe unazurura Ukunda?"