Kazi ya Nyuki

Jirani yangu wa Kingerikiti hulijua ua kwa mgeni wake. La mpapai, jeupe na lenye kunukia jioni, ni la nondo. Jekundu lenye koo refu ni la chozi, ndege mwenye mdomo mwembamba. La boga, la njano na pana kama bakuli, ni la nyuki. Tangu shamba la kahawa lililopakana na lake lianze kupuliziwa dawa asubuhi, nyuki hawaji, na maboga yake yanaoza yangali madogo kama yai. Ndiyo chakula cha wanawe wanne kiangazi. Basi kila alfajiri huchuma maua dume, huyachana, na kuyagusisha kwenye maua jike, moja baada ya jingine, mpaka kucha zake ziwe za njano.

Nilimfuata mwenye kahawa na hasira zangu zote za chuoni. "Kwani nyuki ni wako, msomi?" alinicheka. Jirani, aliyekuwa amenifuata nyuma, akanivuta shati, akasogea mbele. "Baba Hilda, dawa sikukatazi. Pulizia jioni, maua yakishafunga." Alisema taratibu, kama anayeomba chumvi. Yule bwana alizitazama kucha zile za njano.

Wiki iliyofuata bomba la dawa lilikuwa kimya asubuhi. Nilimkuta jirani ameinamia ua jike, ua dume mkononi, hagusi. Ndani alikuwamo nyuki mmoja. Jirani alirudi nyuma hatua moja, akaficha mkono mgongoni, akasubiri.