Miezi Sita ya Kuitikia Naam

Tangazo lilisema: jifunze Kijerumani ukiwa nyumbani kwako. Aliyeliandika hajapata kuishi katika nyumba ya Waswahili, wallahi. Kwetu Mjambere, huku Kisauni, mtu aliyeko nyumbani hana kazi, na asiye na kazi ni wa kutumwa. Siku hizi wasichana hunisimamisha njiani kuniuliza wategemee nini wakijiandikisha masomo haya ya kasi ya mtandaoni. Huwa naanza kuwajibu kwa upole, na kabla sijafika mbali sauti imeshapanda.

Nilisomea uuguzi, nikahitimu, kisha nikakaa miaka nikishika vibarua vya wiki mbili hapa na mwezi mmoja pale. Hatimaye nikapata nafasi katika hospitali moja ya Ujerumani, barua ikaja na muhuri wake. Sharti lilikuwa moja: nifaulu mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya tatu, ile wanayoiita B1, sehemu zote nne, kabla mwezi wa tisa haujaingia. Nikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Hapo tulikuwa mwezi wa pili, na Kijerumani sikukijua hata cha kuombea maji. Ndipo nikachagua kozi ya kasi ya miezi sita, siku tano kwa wiki, saa nne kila asubuhi.

Simu niliiegemeza kwenye cherehani ya mama ukumbini, maana huko chumbani mtandao haushiki. Wiki ya kwanza mama alidhani naongea na watu wa kawaida. Alipita nyuma yangu akawasalimu wote, akamuuliza mwalimu habari za watoto. Akiniita kutoka jikoni niangalie mbaazi zisiungue, ulimi wangu ulikuwa unajibu wenyewe, "Abee, mama," na maiki iko wazi, darasa zima linasikia na kucheka. Wageni nao hawakukoma. Mtu akipiga hodi ukumbini, lazima umjibu, na salamu zenyewe za kwetu si za neno moja. Siku moja shangazi aliingia, akasalimu, nami nikamwinulia kidole tu asubiri. Akaenda kusema mtaa mzima kwamba hata Ujerumani sijafika na salamu nishaacha kujibu.

Nilipigana na nyumba ile wiki mbili. Mwisho mama mwenyewe ndiye aliyenihurumia. Alitundika leso mlangoni, akatandika mkeka wake upande wa nje, akakaa hapo kila asubuhi akishona kofia. Kila aliyepiga hodi alimpokea yeye na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba binti yuko chuoni. Kwa miezi sita hakukosa hata siku moja. Lolote nililolisema darasani alilisikia, ingawa hakujua maana yake.

Nyumba ikatulia. Basi nikabaki na masomo yenyewe, na huko ndiko nilikoharibu.

Tangazo lilisema pia kwamba madarasa ni madogo. Tulikuwa arubaini. Mwalimu alikuwa mwanamke wa bara, akifundisha kutoka Nairobi, lugha anaijua sawasawa, na mbio zake si za kawaida. Somo la leo likiisha leo, kesho ni lingine, na aliyebaki nyuma anabaki na Mungu wake. Kila baada ya dakika kumi alisimama akauliza kama tumeelewa. Nami kila alipouliza nilitikisa kichwa, nikatabasamu, nikajibu ndiyo kwa Kijerumani chao: ja.

Anayetaka kujua kwa nini, anifuate nikiwa na miaka mitano, chuoni kusoma Kurani. Tuliketi chini kwenye majamvi, vifua vinayumba, tunasoma kwa sauti moja. Mwalimu akiuliza, "Mmefahamu?" sote tuliitikia, "Naam." Hakuna aliyewaza kama amefahamu au la. Naam ile ilikuwa heshima, ilikuwa shukrani kwa mtu aliyechoka kwa ajili yako. Kama hukufahamu, ulimfuata msichana mkubwa baadaye akakuelekeza, au ulihifadhi hivyo hivyo mpaka maana ije yenyewe ukishakua. Kumwambia mwalimu usoni kwamba hujafahamu ni sawa na kumwambia mwenye nyumba pilau yake haina chumvi. Mimi sikuwahi kumsikia mtoto akifanya hivyo, na nimesoma pale miaka minane.

Adabu hiyo nikaibeba nzima nzima mpaka mbele ya simu. Wiki ya tatu nilipotea. Sikupotea kidogo, nilikaa saa nne bila kujua tunazungumzia nini. Mwalimu akauliza, nikajibu ja. Hakukuwa na msichana mkubwa wa kumfuata, maana darasa likifungwa kila mtu alizimika na mraba wake kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo nikafanya nilichofunzwa. Mazungumzo yote ya kitabuni niliyahifadhi. Niliyatia mahadhi ya chuoni, nikayumba nayo nikifua, nikayumba nayo nikikuna nazi, mpaka yakakaa kichwani hayatoki. Mwalimu akiuliza swali la ukurasa fulani, nilimjibu kwa jawabu la ukurasa ule ule bila kukosea. Alinipigia makofi. Mwezi wa nne akanipandisha kikundi cha wanaokwenda kasi zaidi. Mama akawatangazia majirani kwamba mwanawe asema Kijerumani kama maji, nami nikaziacha sifa zienee.

Mtu atasema kosa ni langu. Nakubali, na sitaki kubembelezwa. Lakini naomba nami niulize. Shule inayochukua pesa za watu kuwafundisha kusema, miezi sita, haikupata siku moja ya kunisikia nikisema langu mwenyewe, lisilotoka kitabuni? Watu arubaini, kila mmoja anapewa sentensi mbili, kisha anaambiwa vizuri sana, anayefuata. Wakitangaza husema utaongea tangu siku ya kwanza. Mimi niliongea, kasuku naye huongea.

Siku ya mtihani nilivuka kwenda mjini na buibui jipya. Kusoma nilipita, kuandika nilipita, kusikiliza nikapenya kwa kudra ya Mungu. Ikabaki kuzungumza. Huko wanakuweka wawili wawili, mpange jambo kwa pamoja mbele ya wasahihishaji. Mwenzangu alikuwa kijana wa Changamwe ambaye sijapata kumwona, naye anatafuta safari yake kama mimi. Tukapewa kupanga kumtembelea rafiki aliyelazwa. Moyo wangu ukafurahi, kwa sababu mazungumzo hayo nilikuwa nayo, ukurasa mzima.

Nikaanza. Nikasema twende Jumamosi alasiri, tumpelekee maua. Kijana akasema kitu ambacho hakikuwa kitabuni. Nikatabasamu, nikasema ja, nikaenda kwenye mstari wangu unaofuata, ambao nao ulikuwa wa Jumamosi. Akarudia polepole, jasho linamtoka. Baadaye ndipo nikajua alikuwa akiniambia Jumamosi hana nafasi. Ja, nikasema. Msahihishaji mmoja akaingilia, akaniuliza mwenyewe swali, na kwa macho yake niliona anataka kunisaidia. Alikuwa ananiuliza saa ngapi. Nikamwitikia ja. Wakatazamana. Yule kijana aliinamisha kichwa, na mpaka leo sijui kama nilimharibia na yeye.

Nikaanguka sehemu ile moja. Nafasi nyingine ya kufanya mtihani ilikuwa baada ya mwezi wa tisa. Niliwaandikia hospitali, wakanijibu kwa maneno ya staha kwamba wanasikitika, nafasi imekwenda kwa mwingine. Mama nilimwambia msahihishaji alikuwa mkali.

Mwalimu nilimpigia simu siku ya tatu baada ya barua hiyo. Nilimwambia kwamba sikuwa nikielewa, tangu wiki ya tatu.

"Na mbona kila siku ulikuwa unasema ja?" akauliza. "Si ungesema tu? Mimi ningejuaje?"

Nilimwambia angejua kama angenitazama. Akanijibu bila ubaya wowote kwamba ana madarasa matatu kwa siku, kila moja watu arubaini, na kwamba wanafunzi wa Pwani ndio ambao hakuwahi kuwa na wasiwasi nao, kwa sababu sisi ni watulivu na tuna nyuso za furaha. Hilo liliniunguza kuliko barua ya hospitali. Nilimshukuru, tena kwa adabu, nikakata simu, kisha nikaupiga mlango wa kabati teke hata bawaba ikang'oka.

Haikupita wiki, nikaletewa picha yangu. Shule ilikuwa imeibandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: mimi na buibui langu, natabasamu kwenye mraba, chini wameandika kwamba nimefaulu B1 na wewe pia unaweza. Nikapiga ofisini. Mtu wao akanieleza kwamba sehemu tatu kati ya nne ni kufaulu, ila tu moja imebaki. Nilimwambia aitoe ile picha. Akasema ataitoa, lakini kwanza nimfanyie hisani: Jumamosi wana mkutano wa kuwakaribisha wanafunzi wapya, nije niwaeleze kwa ufupi wategemee nini. Nadhani aliniona mpole. Nikakubali.

Jumamosi ile asubuhi niliegemeza simu pale pale kwenye cherehani. Mama, kwa mazoea, akatandika mkeka wake mlangoni na kofia yake mkononi. Mkurugenzi wa shule aliongea dakika ishirini, Kijerumani na Kiingereza vimechanganyika, kwa mwendo wa gari la moshi. Alipomaliza akauliza kama wote wameelewa. Vichwa vikatikisika kila mraba. Niliwaona wasichana kama mimi, mmoja ana mtoto mapajani, mwingine nyuma yake sufuria zimepangwa. Wote wakatabasamu.

Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema, mazuri, ya kuwatia moyo. Nikaiacha karatasi.

"Mimi ndiye yule wa kwenye picha," nikawaambia. "Nilianguka. Nafasi yangu ya kazi imekwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu miezi sita niliulizwa kama nimeelewa nikasema ndiyo, na sikuwa nimeelewa. Sasa nauliza mimi. Nani hakuelewa aliyosema mkurugenzi?"

Mkurugenzi akacheka kidogo, akasema anafikiri dada yetu anatania. Nikamwambia sitanii, na kwamba nitangoja. Nikangoja hata nikasikia jogoo wa mtu akiwika huko aliko.

Kisha akajitokeza yule mwenye mtoto. "Mimi, dada," akasema. "Tangu alipoanza." Akaja wa pili, sauti tu, uso ameuficha. Akaja mwanamume mmoja mtu mzima akasema na yeye pia. Mkurugenzi akanishukuru sana kwa muda wangu, na kabla sijajibu nikajikuta nimetolewa mkutanoni. Nikabaki nautazama uso wangu kwenye kioo cha simu.

Nilipogeuka, leso ya mlangoni ilikuwa imefunuliwa. Mama alikuwa ananitazama, sindano imesimama kwenye kofia. Kwa hasira zangu nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yupo, na kwamba safari hii nilisema Kiswahili.

"Miezi sita nilikuwa hapa mlangoni," akasema. "Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungenijibuje, mama?"

Mama yangu si mtu wa kusema uongo ili apendwe. Alifikiri. Aliishusha kofia mapajani.

"Ningalikwambia usimtie mwalimu wako haya," akasema. "Ningalikwambia itikia tu, utakuja fahamu mbele."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Hasira niliyokuwa nayo siku ile ingetosha Kisauni nzima, na huyu ndiye wa kwanza aliyenipa ukweli na akakaa pale pale angoje jawabu langu. Nilitaka kumpigia kelele, mama yangu mzazi. Sikuweza, kwa sababu mpaka mwezi ule wa mtihani, kama ningekuwa na binti akaniletea jambo kama hilo, na mimi ningemwambia hivyo hivyo.