Mume Wangu Asema Aliyeokoka Haungami Tena, na Mama Yake Anangoja

Admin, naomba unifichie jina langu, na la kanisa letu pia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka thelathini na sita. Naishi upande wa Kikoneni, katika boma la wakwe zangu. Mume wangu ni msimamizi wa wakata miwa Ramisi, na ni mzee wa kanisa. Hanywi, hatukani, hajawahi kuninyanyulia mkono. Naanza na hilo ili msije mkanijibu kuhusu mtu mwingine.

Mwaka jana mtoto wetu wa mwisho alishikwa na homa isiyokatika. Mavyaa wangu, bila kutuuliza, akamfunga hirizi mkononi. Mume wangu aliporudi kutoka kazini akaiona, akaushika mkono wa mtoto aikate. Mama akamng'ang'ania mjukuu. Mume wangu akamsukuma mama yake kwa mikono miwili, mama akaangukia kinu. Nyonga ikavunjika. Nilikuwa mlangoni, nikaona.

Hospitalini mama alimwambia daktari kwamba ameteleza. Majirani nao waliambiwa hivyo hivyo. Hajainuka tangu hapo. Sasa ana vidonda mgongoni, na hata uji unamshinda.

Anachotaka ni kimoja. Wakwe zangu ni Waduruma. Kwao mzazi mwenye kinyongo hutia maji kinywani, akayatema chini na kusema moyo wake umeachilia. Lakini hayatemi mpaka aliyekosa alitamke kosa lake mwenyewe. Mama anaamini akifa hajayatema, kinyongo chake kitawarudia wajukuu. Mimi nimeokoka, hilo la wajukuu siliamini. Ila mtu aliyevunjwa nyonga kutaka kuambiwa "nilikusukuma, nisamehe", sioni ushirikina hapo.

Mume wangu amekataa. Anasema dhambi zake za jana, za leo na za kesho zilikwisha msalabani, na kuungama tena ni kumwambia Yesu kwamba damu yake haikutosha. Nikamuuliza, basi tunaposali "utusamehe makosa yetu" huwa tunaomba nini. Akasema sala ile ilifundishwa kabla ya msalaba. Nikamsomea Waraka wa Yohana, pale panaposema tukiziungama dhambi zetu. Akasema hao walioandikiwa ni watu ambao hawajaokoka.

"Na siku ile," akaniambia, "nilikuwa napigana na shetani, si na mama."

"Shetani hakulazwa," nikamjibu. "Aliyelazwa ni mama."

Akaacha chakula, akatoka.

Wiki iliyopita alikubali kuingia chumbani kwa mama. Mama akafurahi, akaniomba maji, akayatia kinywani, akamtazama mwanawe. Mume wangu akasema, "Mama, pole kwa kuumwa. Mungu ni mwema." Mama akangoja, mashavu yamejaa. Alipoona mwanawe ametoa simu anaiangalia, akayameza.

Tulipobaki wawili nilimwambia mama nitawaeleza wazee wa kanisa ukweli. Akanishika kidole.

"Usimvue nguo mwanangu mbele za watu," akasema. "Mimi nataka aseme hapa hapa, yeye na mimi. Hata wewe usiwepo."

Jumapili hii mume wangu anasimikwa kuwa mchungaji msaidizi. Kanisani kwetu siku hiyo mke huitwa mbele, akaulizwa kama ana neno lolote juu ya mumewe. Ni mazoea tu. Wake wote hujibu "sina", na vigelegele vikapigwa. Nikisema ninalo, nitakuwa nimemvunjia mama ombi lake akiwa kitandani, na ndoa yangu sidhani itafika Jumatatu. Nikisema sina, nitakuwa nimedanganya madhabahuni, mbele ya Mungu na watu. Na uongo huo nitauungama kwa nani, ikiwa mchungaji wangu ni yeye?

Ndugu zangu, nishaurini. Nikiulizwa Jumapili, nijibu nini?